Vyaelea, Vimeundwa: Walei wa Kigali na Malezi ya Uongozi

Msafiri aupandaye mtaa wa Nyamirambo katika jiji la Kigali hupita misikiti, vibanda vya washonaji, vinyozi na mikahawa ambamo Kiswahili husikika sawasawa na Kinyarwanda. Huko huko Nyamirambo lipo kanisa la parokia ya Mtakatifu Karoli Lwanga. Wengi hulipita bila kujiuliza swali moja dogo: huyo Karoli Lwanga alikuwa nani hata kanisa likapewa jina lake? Hakuwa askofu, wala padre, wala mtawa. Alikuwa kijana mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda, Mkristo wa kawaida aliyebatizwa mwezi Novemba 1885 na kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kwa lugha ya Kanisa alikuwa mlei, yaani muumini asiye na daraja takatifu.

Tumeanza na jina hilo kwa makusudi. Katika nchi zetu imezoeleka kudhani kwamba kiongozi wa Kanisa ni yule avaaye kanzu na kusimama altareni, na kwamba wengine wote ni wasikilizaji. Historia ya Ukristo katika eneo hili la Maziwa Makuu yasema vingine. Mara nyingi walioibeba jumuiya mabegani, hasa siku za shida, walikuwa watu wa kawaida: watumishi, walimu, wauguzi, wake na waume wenye watoto wa kulea.

Ndugu msomaji, watu wa namna hiyo hupatikanaje? Huzaliwa, huchaguliwa au hulelewa? Na kama hulelewa, je, hulelewa kwa ajili ya siku gani? Nchini Rwanda swali hili si la darasani. Liliulizwa mwaka 1994 kwa damu ya watu, na hadi leo majibu yake yangali yakitafutwa, uani mwa nyumba za watu, jioni kwa jioni.

NANI HAYUPO?

Jioni moja tulialikwa na rafiki yetu, mkazi wa Nyamirambo, tuhudhurie mkutano wa jumuiya yake. Wanyarwanda huiita umuryangoremezo, nayo ndiyo ile ambayo Tanzania na Kenya hujulikana kwa jina la jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo: familia chache za majirani zisalizo pamoja, zisomazo Maandiko pamoja na kusaidiana. Jumuiya kadhaa hufanya kundi. Makundi hufanya kigango, ambacho wenyeji hukiita santarali. Na vigango hufanya parokia. Kwa mpango huo padre mmoja aweza kuwa na maelfu ya waumini, lakini kiongozi wa jumuiya ana nyumba chache tu za kuzijua.

Pale uani palikuwa na mabenchi matatu na viti vya kuazima. Aliyeongoza alikuwa mama wa makamo, muuza mboga, mwenye daftari lililokwisha kukunjika pembe. Tulitazamia aanze kwa sala au kwa wimbo. La, hasha. Aliwatazama watu mmoja mmoja, kisha akauliza: "Nani hayupo?"

Ikajulikana kwamba mzee mmoja alikuwa na homa tangu juzi. Kwamba mama mmoja kijana alikuwa amehama chumba kwa kushindwa kodi, wala hakuna aliyejua alikohamia. Na kwamba ndugu wawili walikuwa wamegombania mpaka wa kiwanja, kila mmoja akikwepa kuketi karibu na mwenzake. Watu wawili walipewa kazi ya kumtazama mgonjwa usiku ule ule. Kijana mmoja wa pikipiki, ambaye kwa kazi yake huvijua vichochoro vyote, aliagizwa amtafute yule mama aliyehama. Wale ndugu wawili walitajwa kwa ajili ya sala, lakini pia mzee mmoja aliteuliwa awaendee kabla ya Jumapili. Ndipo wakasali.

Sisi tunaovaa sare tulijikuta tukitabasamu, maana kazi ile twaifahamu. Tulipokuwa katika shule ya makadeti tulitazamia kufunzwa uongozi kwa hotuba na ramani kubwa. Badala yake tulipewa seksheni ya vijana kumi na kuambiwa tuivushe porini usiku. Asubuhi mkufunzi hakutuuliza tumefikaje. Alituuliza tumefika wangapi. Ilituchukua muda kutambua kwamba swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe. Kamanda wa kikosi hawezi kujua ni askari gani hakulala, koplo anajua. Jeshi lisilo na makoplo wazuri halisaidiwi na wingi wa majenerali.

Mwisho wa mkutano mama yule alitugeukia, akatuuliza kwa Kiswahili safi cha Nyamirambo: "Afande, na kwenu jeshini mnaanzaje?" Tukamjibu kwamba nasi huanza kwa kuhesabu watu.

MISINGI ILIYOCHIMBWA ZAMANI

Hekima ya mama yule haikuanza jana. Mapadre Weupe wa kwanza walifika Buganda mwaka 1879, wakaondoka mwaka 1882, wakarudi mwaka 1885. Kwa muda wa karibu miaka 3 hapakuwa na padre hata mmoja. Mtu angedhani kwamba mbegu ile changa ingekauka. Kumbe waumini waliongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana ndani ya ikulu. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, alifundisha nyumbani kwake. Matia Kalemba Mulumba alifanya kazi hiyo hiyo huko Mityana. Mukasa alipouawa tarehe 15 Novemba 1885, Lwanga alishika nafasi yake ya kuwaongoza vijana. Siku chache kabla ya kifo chake mwenyewe, aliwabatiza kwa mkono wake wenzake ambao walikuwa bado hawajabatizwa, akiwamo kijana Kizito. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu.

Kutoka upande huo huo mbegu ilivuka mpaka. Tarehe 8 Februari 1900, Askofu Jean-Joseph Hirth na wenzake walifungua misheni ya Save, kusini mwa Rwanda, enzi za Mwami Yuhi Musinga. Hawakuja peke yao. Walifuatana na wasaidizi Waganda, walei, ambao walikuwa ulimi na masikio ya mapadre wageni. Misheni ya Familia Takatifu ilianzishwa Kigali mwaka 1913. Mapadre wa kwanza Wanyarwanda, Donat Reberaho na Balthazar Gafuku, walipewa daraja mwaka 1917. Hesabu mwenyewe, msomaji: kwa miaka 17, sauti ya Kanisa ambayo mwananchi aliisikia kutoka kinywa cha Mwafrika mwenzake ilikuwa sauti ya katekista.

Lakini ukweli wote usemwe. Wanahistoria wameandika kwamba baadhi ya wasaidizi hao wa mwanzo walitumia kivuli cha misheni kuwaonea wenyeji. Tunalitaja jambo hili kwa sababu lina funzo: mlei aliyepewa mamlaka bila malezi, na bila mtu wa kumwuliza hesabu, aweza kugeuka bwana mdogo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Upande wa Waanglikana, mashariki mwa Rwanda, palitokea jambo jingine lililotikisa Afrika Mashariki nzima. Katika hospitali ya misheni ya Gahini, Yosiya Kinuka, muuguzi aliyewasimamia wenzake, alikwenda Uganda kuonana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyeacha kazi yake serikalini ili ahubiri, wala hakuwahi kuwa mchungaji. Kinuka alirudi mtu mwingine. Pamoja na daktari Mwingereza Joe Church na mwalimu Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, waliwasha katika miaka ya 1930 ule Uamsho uliosambaa hadi Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Katika vikundi vya walokole muuguzi aliweza kumkosoa daktari, mwanafunzi akamkosoa mwalimu, Mwafrika akamkosoa mmisionari, na mkosaji akatubu mbele ya wote. Kwa enzi zile za ukoloni hilo halikuwa jambo dogo. Uongozi haukutoka katika cheo. Ulitoka katika ukweli wa mtu mbele ya wenzake.

MTAGUSO WAFUNGUA MLANGO

Kwa Wakatoliki mlango ulifunguliwa wazi na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika tangu mwaka 1962 hadi 1965. Tarehe 18 Novemba 1965 Mtaguso ulitoa hati maalumu juu ya utume wa walei, ikieleza kwamba mbatizwa ana utume wake kwa haki ya ubatizo wake, si kwa kukopeshwa na padre.

Afrika haikuchelewa kulitia neno hilo katika matendo. Mjini Kinshasa, Kardinali Joseph-Albert Malula, katika miaka ya 1970, aliwakabidhi walei walioandaliwa uongozi wa parokia. Waliitwa bakambi. Wengi walikuwa waume wenye familia na kazi zao za kila siku, na padre alibaki mlezi wa roho na mtoaji wa sakramenti. Nao maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao uitwao AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1976 na kukazia ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo. Rwanda nayo ilishika njia ya jumuiya za msingi. Pamoja nazo vilikuwapo vyama vya kitume: Legio ya Maria, na kile chama cha vijana cha Xaveri kilichozaliwa Bukavu mwaka 1952.

Hivyo kwa kipimo cha daftari kila kitu kilikuwa kinakua. Parokia zilikuwa na makatekista, kwaya, mabaraza na kamati. Wakatoliki peke yao walizidi nusu ya wananchi wote. Mgeni angeitazama Rwanda ya wakati ule angesema: hapa kazi imekwisha.

MTIHANI WA 1994

Hapa ndipo kalamu huwa nzito. Kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku zipatazo 100, watu zaidi ya milioni moja, kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, waliangamizwa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wengi waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia: Nyamata, Ntarama, Nyarubuye na kwingineko. Huko Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwa wamejificha ndani yake. Na paroko wa hapo, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha. Waumini walioketi benchi moja Jumapili waliwindana siku za juma. Wako waliosoma masomo altareni nao wakashika panga.

Kwa hiyo cheo si kinga, wala wingi wa jumuiya si kinga. Mtu aweza kuhudhuria semina zote, akaimba katika kwaya, akashika funguo za kigango, na bado siku ya mtihani akashindwa swali la kwanza kabisa, lile aliloliuliza Mungu tangu mwanzo: ndugu yako yuko wapi?

Lakini wako walioshinda, na baadhi yao walikuwa walei wa Kigali. Cyprien Rugamba, aliyezaliwa mwaka 1935, alikuwa mtunzi, mwanahistoria na kiongozi wa taasisi ya taifa ya utafiti huko Butare. Aliwahi kuipoteza imani kwa miaka mingi. Mkewe, Daphrose, alivumilia na kuomba, hata mumewe akarejea mwaka 1982. Mwaka 1990 wote wawili walianzisha nchini Rwanda Jumuiya ya Emmanuel, chama cha sala kilichozaliwa Ufaransa. Katika jiji la Kigali waliwahurumia watoto wa mitaani, wakawalisha. Na hadi leo kipo kituo cha watoto hao kibebacho majina yao. Katika siku ambazo kabila liliandikwa kwenye kitambulisho cha kila raia, nao walikataa waziwazi siasa ya ukabila. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 1994 waliupitisha katika sala nyumbani kwao. Asubuhi askari waliingia na kuwaua, pamoja na watoto wao sita. Mwaka 2015 ulifunguliwa Kigali mchakato wa kuwaombea cheo cha wenyeheri.

Huko Gisenyi, mpakani mwa Kongo, aliishi Félicité Niyitegeka, Mhutu, mwanamke aliyejitoa kwa utume wa walei na kusimamia nyumba ya Kanisa. Aliwaficha Watutsi, akawasaidia wengine kuvuka mpaka. Ndugu yake, kanali wa jeshi, alimtaka aondoke apate kuokoka. Alikataa kuwaacha watu aliokuwa amewapokea, akachagua kufa pamoja nao, na akauawa tarehe 21 Aprili 1994. Rwanda imemwandika katika orodha ya mashujaa wake wa taifa, katika daraja la Imena.

Sisi wanajeshi hatuwezi kuisoma habari ya dada huyu bila kutulia. Tumefunzwa kutii, na jeshi bila utii ni genge. Lakini tumefunzwa pia kwamba amri ya kumwua raia asiye na silaha si amri halali, na askari anayeitekeleza hawezi kujificha nyuma ya aliyeitoa. Kanali alikuwa na cheo, bunduki na gari. Dada yake alikuwa na nyumba na watu aliokuwa amewapokea ndani yake. Katika wawili hao, aliyeongoza ni nani?

BAADA YA DHORUBA

Mapadre zaidi ya 100 waliuawa mwaka ule, na wengine wakakimbia nchi. Parokia nyingi zilibaki bila mchungaji, kama Buganda ya mwaka 1882. Na kama kule Buganda, walei ndio waliozikusanya tena nyumba zilizobaki. Safari hii, hata hivyo, kazi ilikuwa ngumu kupita kufundisha katekisimu. Benchi moja sasa liliwakalisha mjane, na mke wa mtu aliyekuwa gerezani kwa kumwua mume wa mjane huyo.

Kanisa Katoliki lilipojiandaa kwa jubilei ya miaka 100 ya Injili nchini, iliyofika mwaka 2000, majimbo yaliitisha tangu mwaka 1998 sinodi ya pekee juu ya ukabila. Watu waliketi katika jumuiya zao wakasema yaliyokuwa hayasemeki; ndipo lilipozaliwa jina la gacaca ya Kikristo. Serikali nayo iliendesha mahakama za gacaca hadi mwaka 2012, na mahakimu wake walikuwa wananchi wa kawaida waliochaguliwa na majirani kwa uadilifu wao. Tarehe 20 Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba radhi kwa ajili ya wana wa Kanisa walioshiriki mauaji. Mwaka uliofuata hayati Papa Fransisko, alipompokea Rais Paul Kagame huko Vatikano, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi hizo.

Papa huyo huyo, mwezi Mei 2021, aliiweka rasmi huduma ya katekista, ili mlei aweze kusimikwa na askofu katika kazi hiyo kwa ibada maalumu. Katekista wa kale, aliyetembea kwa miguu na ubao wake kwapani, amepata heshima aliyoistahili kwa muda mrefu.

Liko pia jambo la elimu. Mwaka 2018 serikali ya Rwanda ilifunga nyumba za ibada zaidi ya 700 Kigali kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele. Na mwaka 2024 ikafunga nyingine kwa maelfu nchini kote. Sheria ya mwaka 2018 ilidai elimu ya dini ya ngazi ya shahada kwa viongozi wa madhehebu, ikawapa muda wa miaka 5 wa kujitayarisha. Yapo mabishano juu ya ukali wa hatua hizo, nasi hatutayaamua hapa. Ila ni dhahiri kwamba mhubiri asiyesoma aweza kuwapotosha watu. Na ni dhahiri vilevile kwamba shahada peke yake haimfanyi mtu kumtafuta jirani aliyehama kwa kukosa kodi.

MALEZI YAWEJE?

Kutokana na yote tuliyoyaona na kuyasoma, twathubutu kutaja mambo manne.

La kwanza, mlei apewe kazi ndogo mapema. Haifai kumsubiri mtu awe mzee na tajiri ndipo apewe uenyekiti. Kijana wa pikipiki aliyetumwa kumtafuta mama wa watu amekwisha kuanza kuongoza, ingawa hajaitwa kiongozi na mtu yeyote. Kazi ndogo iliyotimizwa na kutolewa taarifa mbele ya wote hujenga zaidi ya hotuba kumi.

La pili, daftari la fedha liwe wazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Twaongeza kwamba jumuiya nayo hupotea. Yule mama muuza mboga alisoma michango kwa sauti, faranga kwa faranga, kisha akamkabidhi mwingine daftari alihakiki. Asiyekubali kuulizwa habari za faranga mia hawezi kuaminiwa roho za watu.

La tatu, wanawake wapewe kiti, si jembe tu. Katika jumuiya nyingi za nchi zetu akina mama ndio wajao, ndio wapikao, ndio wazikao. Lakini ukiitishwa uchaguzi wa mwenyekiti, wanaume watatu waliochelewa ndio wanaogombea. Nchini Rwanda, baada ya mwaka 1994, wajane wengi walibeba familia na vijiji. Aliyeweza kuwalea yatima wa nduguye juu ya wanawe ataweza kuongoza kamati.

La nne, nalo ndilo kubwa, kiongozi afunzwe kusema hapana. Malezi mengi ya Kanisa, kama yalivyo mengi ya jeshini, hufunza kuitika. Kuitika ni kwema. Lakini mwaka 1994 walioitika walikuwa wengi, na waliokataa walikuwa wachache. Kukataa hakufunzwi siku ya hatari. Hufunzwa katika mambo madogo: kukataa kulisambaza neno baya juu ya kabila la jirani, kukataa kutia sahihi hesabu ya uongo, kumwambia padre au mwenyekiti kwa adabu kwamba hapa, Baba, umekosea. Padre mwema hawaogopi walei wa namna hiyo. Huwaogopa tu yule atakaye makofi.

Kuna kikwazo kimoja cha siku hizi ambacho hatuwezi kukinyamazia. Kigali inajengwa upya kwa kasi. Mitaa ya zamani huvunjwa, watu huhamishwa, wapangaji huhama kila kodi ipandapo. Jumuiya ya majirani ambao hawajuani ni mabenchi tu. Ndiyo maana twaona kwamba swali la mama yule, dogo kama lilivyo, ndilo lenye uzito kupita maswali yote ya semina.

MWISHO WA MAONO

Wenzetu wa pwani husema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Chombo hakiundwi wakati wa tufani. Huundwa nchi kavu, ubao kwa ubao, msumari kwa msumari, na fundi hutia kalafati katika kila ufa mdogo kabla ya maji kuugundua. Rugamba na mkewe, Félicité wa Gisenyi, Lwanga wa Buganda, hawakuundwa siku waliyokufa. Waliundwa miaka mingi kabla, katika sala za jioni, katika chakula walichomgawia mtoto asiye wao, katika neno la haki walilolisema palipokuwa rahisi kunyamaza.

Siku mbili baada ya mkutano ule rafiki yetu alituletea habari. Yule mama aliyehama alikuwa ameonekana upande wa pili wa bonde, katika chumba kimoja, yeye na mtoto wake. Kijana wa pikipiki alikuwa ameulizia nyumba kwa nyumba hadi akampata. Jumuiya ya huko ilikuwa haijapata kusikia habari zake. Sasa jina lake limeandikwa katika daftari lao. Wale ndugu wawili walikuwa bado hawajapatana, na yule mzee alikuwa amekwenda kwao mara ya pili.

Nasi tukafunga mizigo tukiwa na swali moja la kuwarudishia wasomaji wetu, kila mmoja katika kanisa lake, msikiti wake, kijiji chake au kombania yake. Usiulize kwanza ni nani kiongozi. Tazama benchi lako, kisha uliza: nani hayupo?